Injini Iliyoongezwa Nguvu Mbele ya Kipimo cha Moshi

Mtu akibadilisha kamshafti (mhimili unaofungua na kufunga vali) ya gari lake la zamani, akafunga kabureta kubwa na mabomba ya heda (mabomba marefu ya kutolea moshi), kisha gari likafeli kipimo cha moshi, jambo la kwanza analodhani ni kwamba anaadhibiwa kwa nguvu alizoongeza. Mara nyingi sivyo. Injini hiyo hiyo ikiwa kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika na mzigo wa wastani, huenda inachoma mafuta vizuri kuliko ilivyotoka kiwandani. Shida ni kwamba haipimwi huko. Inapimwa kwenye mzunguko wa chini, gari limesimama, hakuna mguu kwenye pedali. Na mzunguko wa chini ndio sehemu ambayo aliyeijenga injini hakuijali. Karibu kila kifaa cha kuongeza nguvu hukopa huku chini ili kilipe kule juu, na mashine ya kupimia moshi inakuja kudai deni.

Ukilielewa hilo, karatasi ya majibu inasomeka. Bila hilo, mtu ataishia kubadilisha plagi, sensa na masega (kifaa cha kauri kwenye bomba la moshi kinachosafisha gesi) kimoja baada ya kingine hadi hela iishe.

Gesi zenyewe

Petroli ya kawaida huungua kikamilifu ikipata takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya mafuta. Uwiano huo huitwa lambda 1. Chini ya 1 mchanganyiko ni mzito, yaani mafuta yamezidi; juu ya 1 ni mwepesi, hewa imezidi. Kaboni monoksidi hutoka pale mafuta yanapoanza kuungua lakini oksijeni ikapungua kabla ya kazi kwisha, kwa hiyo namba yake ikipanda, karibu kila mara ni mchanganyiko mzito. Hidrokaboni ni mafuta ambayo hayakuungua kabisa, na sababu zake ni nyingi: cheche imekosekana, kompresheni imeshuka, oili inapita kwenye ringi, au mchanganyiko ni mzito au mwepesi kiasi cha kutoshika moto. Oksidi za nitrojeni huzaliwa na joto: silinda ikipanda kupita nyuzi 1,300 hivi za Selsiasi, nitrojeni na oksijeni za hewa yenyewe huanza kuungana.

Kuna gesi mbili ambazo kwa kawaida hazifelishi mtu, na ndizo zenye kusema mengi zaidi. Kaboni dioksidi ni cheti cha uchomaji mzuri. Kwenye injini yenye afya huwa karibu asilimia 13 hadi 15. Oksijeni iliyobaki kwenye moshi inakuonyesha upande ulioko. Kaboni monoksidi juu, hidrokaboni juu, oksijeni karibu na sifuri: mafuta yamezidi. Kaboni monoksidi ya kawaida au ya chini, hidrokaboni juu, oksijeni juu: kuna silinda inayomisi, kwa sababu mafuta na hewa vyote viwili vimepita bila kuguswa. Kaboni dioksidi chini na oksijeni juu huku injini ikiunguruma bila kasoro: hewa ya nje inaingia kwenye bomba la moshi kabla ya kipimo. Fundi anayekuambia tu kwamba gari limefeli na hakupi namba hizo tano hajakusaidia. Daima omba karatasi yenye zote.

Kamshafti, na mafuta yasiyotii skrubu

Kamshafti kali huacha vali ya kuingiza na ya kutolea moshi zikiwa wazi kwa pamoja kwa muda mrefu zaidi. Kwenye mizunguko ya juu hilo ni faida, kwani kasi ya moshi unaotoka huvuta hewa mpya ndani. Kwenye mzunguko wa chini hakuna kasi hiyo. Moshi hurudi kwenye manifoldi ya hewa (mabomba ya kuingizia hewa kwenye silinda) na kuchafua mchanganyiko unaoingia, huku sehemu ya mafuta mabichi ikipenya moja kwa moja hadi kwenye bomba. Silinda moja inashika moto, inayofuata haishiki. Ule mdundo wa kuyumbayumba ambao wapenzi wa magari hupenda kuusikia ni sauti ya injini inayomisi, na kila mmisi ni hidrokaboni.

Hasara ya pili haisikiki. Injini isiyoguswa huwa na vakyumu (nguvu ya kunyonya hewa) ya inchi 17 hadi 21 za zebaki kwenye manifoldi ikiwa mzunguko wa chini. Ukiweka kamshafti kali inaweza kushuka hadi 10, au hata 6. Sasa, kabureta nyingi za aina ya Holley zina kivali cha kiwambo ambacho kazi yake ni kuongeza mafuta dereva anapokanyaga pedali. Hakijui lolote kuhusu pedali. Kinahisi vakyumu imeshuka, kinafunguka. Kilichofungwa kiwandani mara nyingi hufunguka kwenye inchi 6.5. Injini yako ikikaa kwenye inchi 6 au 7 zinazoyumba, kivali kinadhani unapanda mlima, kinamwaga mafuta ya ziada wakati wote gari limesimama. Kaboni monoksidi inapaa, na hakuna skrubu ya nje itakayoishusha. Dawa yake ni rahisi kiasi cha kushangaza: pima vakyumu injini ikiwa ya moto, gawa kwa mbili, nunua kivali chenye namba iliyo karibu na jibu. Na kama injini imewahi kulipuka kinyumenyume kupitia kabureta, kagua kiwambo chenyewe, maana kwenye kabureta za zamani mlipuko mmoja unatosha kukipasua.

Lipo jingine la kabureta ambalo watu hulikosa. Kwa kuwa injini ni nzito kushika mzunguko, mwenye gari hukaza skrubu ya kasi ili kipepeo, kile kibati kinachofungua njia ya hewa, kifunguke zaidi. Juu kidogo ya pale kipepeo kinapokaa kuna mwanya mwembamba uliokusudiwa kutoa mafuta wakati wa kuanza kuondoka. Kipepeo kikipanda, mwanya unabaki wazi na mafuta hutoka humo badala ya kupita kwenye skrubu za mchanganyiko. Dalili yake haifichiki: unakaza skrubu za mchanganyiko hadi mwisho na injini haijali. Kuendelea kuzizungusha ni kupoteza muda. Kinachotakiwa ni kuipa injini hewa kwa njia nyingine, ama kwa kufungua kidogo vipepeo vya nyuma, ama kwa kutoboa tundu dogo kwenye kipepeo, ili cha mbele kirudi mahali pake. Kuongeza digrii kadhaa za taimingi, yaani kutoa cheche mapema zaidi, kwenye mzunguko wa chini pia husaidia kamshafti kali, maana mchanganyiko uliochanganyika na moshi huungua taratibu na unahitaji kuwashwa mapema. Injini ikishika mzunguko kwa nguvu zake, kipepeo kinaweza kufungwa.

Hata wasimamizi wa vipimo wanajua kwamba mzunguko wa chini huonea injini fulani. Nchini Uingereza, gari la petroli lililoanza kutumika kuanzia tarehe 1 Agosti 1986 na lisilo na masega linaruhusiwa kaboni monoksidi hadi asilimia 3.5 na hidrokaboni hadi sehemu 1,200 kwa milioni. Lile la kati ya Agosti 1975 na Julai 1986 linaruhusiwa kaboni monoksidi hadi asilimia 4.5. Lakini gari likifaulu kaboni monoksidi na kufeli hidrokaboni tu, mkaguzi hupandisha injini hadi mizunguko 2,000 na kupima hidrokaboni upya. Zikishuka hadi 1,200 au chini yake, limepita. Mwenye kamshafti kali aliyerekebisha kabureta vizuri anaweza kuokolewa na kipengele hicho kimoja.

Sensa inayodanganyika

Wengi huamini kwamba ukitoa kabureta na kuweka mfumo wa nozeli wenye kompyuta, mambo yatajinyoosha yenyewe. Kompyuta hufanya kazi kwa kile sensa inachoiambia, na sensa ya oksijeni hupima oksijeni peke yake. Haijui mafuta ni kiasi gani.

Hebu fuatilia mmisi mmoja. Silinda haikushika moto. Mafuta yote na oksijeni yote vimetupwa kwenye bomba. Sensa inaona oksijeni nyingi, inatuma volti ndogo, karibu 0.1, ambayo maana yake ni mchanganyiko mwepesi. Kompyuta inatii na kuongeza mafuta kwenye silinda zote. Zile zilizokuwa zikiungua vizuri sasa zimekuwa nzito, kaboni monoksidi inapanda, na ile inayomisi bado inamisi. Tundu dogo kwenye gasketi ya heda huleta balaa lile lile: kati ya mapigo ya moshi bomba huvuta hewa ya nje, sensa inaiona, kompyuta inaongeza mafuta. Kwa sababu hiyo gari lenye uvujaji kati ya injini na sensa hufeli kwa uzito ilhali kompyuta yake inalia kwamba mchanganyiko ni mwepesi. Fundi anayesoma msimbo wa kompyuta bila kusoma gesi atabadilisha sensa iliyo nzima kabisa. Nimeona sensa mpya kabisa zikitolewa na kutupwa kwa staili hii, na hiyo ndiyo sehemu ya kazi hii inayoniudhi kuliko zote.

Heda ina ubaya mwingine. Sensa za zamani zenye waya mmoja hazina kipashio cha joto. Hutegemea moshi kuzifikisha karibu nyuzi 300 ndipo zianze kusema kweli. Kwenye manifoldi ya chuma cha kalibu zilikaa karibu na vali. Kwenye heda ya mabomba marefu husogezwa mbali, gari likisimama foleni ya kupimwa zinapoa, kompyuta inaacha kuzisikiliza na kurudi kwenye hesabu zake za kukisia, ambazo kwa usalama huelemea upande wa mafuta mengi. Sensa ya waya tatu au nne, yenye kipashio chake, huondoa tatizo hilo. Ni kati ya marekebisho machache ambayo ningemshauri mtu ayafanye hata kabla ya kupima.

Masega na joto

Masega ya njia tatu, yanayounguza kaboni monoksidi na hidrokaboni huku yakivunja oksidi za nitrojeni, yaliingia barabarani pamoja na sensa ya oksijeni kwenye Volvo zilizouzwa California katikati ya miaka ya 1970. Vitu hivyo viwili vilizaliwa pamoja kwa sababu kimoja hakifanyi kazi bila kingine: masega huweza kazi zote tatu pale tu lambda inapocheza karibu kabisa na 1. Ndiyo maana kufunga masega mapya ya njia tatu nyuma ya kabureta isiyodhibitiwa hakuleti kile kinacholipiwa. Yatasaidia kwa kaboni monoksidi na hidrokaboni yakipata hewa ya kutosha, ila oksidi za nitrojeni zitapita zilivyo.

Masega hayaanzi kazi yakiwa baridi. Yanahitaji takriban nyuzi 250 hadi 300. Yakisogezwa nyuma chini ya sakafu ili kupisha heda, hupata moto kwa kuchelewa na hupoa upesi. Gari lenye masega la mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa kanuni za Uingereza tena, linatakiwa lisizidi asilimia 0.3 ya kaboni monoksidi na sehemu 200 za hidrokaboni kwenye mizunguko 2,500 hadi 3,000, na lambda iwe kati ya 0.97 na 1.03. Masega ya vuguvugu hayafikii hapo. Angalia pia kile kikomo cha lambda: mashine huikokotoa kutoka kwenye gesi zilizomo bombani, kwa hiyo tundu la kutu nyuma kabisa, lisilogusa injini kwa lolote, linaweza kukufelisha.

Masega yakifa mapema kwenye injini ya zamani, tafuta aliyeyaua kabla ya kununua mengine. Mmisi hupeleka mafuta mabichi yakaungue ndani yake hadi kauri iyeyuke. Oili inayopita kwenye ringi na miongozo ya vali hupeleka fosforasi, ambayo hufunika uso wake wa kazi.

Unapokaza upande mmoja

Aliyefeli kaboni monoksidi hukimbilia kupunguza mafuta, na akipunguza sana anafungua mlango mwingine. Mchanganyiko mwepesi kidogo huungua kwa joto zaidi, tena oksijeni iliyozidi huyazuia masega kuvunja oksidi za nitrojeni. Gari linalopimwa limesimama halitagundulika kwa hili, kwa kuwa bila mzigo gesi hiyo ni kidogo. Kwenye roli mambo hubadilika. California, magari ya mwaka 1976 hadi 1999 katika maeneo mengi hupimwa yakizungusha roli zenye mzigo, kwa kasi ya maili 15 kisha 25 kwa saa, na hapo kompresheni iliyoongezwa, taimingi iliyosogezwa mbele na ile vali ya EGR iliyotolewa kwa kudhaniwa ni takataka hujitokeza kwenye karatasi.

EGR imesingiziwa sana. Hurudisha moshi kidogo ndani ya silinda kupunguza joto, na gari likikanyagwa hadi mwisho hufungwa, kwa hiyo kuitoa hakuongezi nguvu ya kilele hata chembe. Aliyeitoa alipata nafasi zaidi chini ya boneti, basi. Kuirudisha na kuzibua mifereji yake ya masizi ni rahisi kuliko kupunguza oksidi za nitrojeni kwa taimingi. Taimingi nayo inasaidia: kuirudisha nyuma digrii chache hushusha joto la kilele na kupandisha joto la moshi, jambo linaloyasaidia masega. Ila kumbuka nilichosema kuhusu kamshafti kali. Rudisha nyuma ile ya kwenye mzigo, siyo ile ya mzunguko wa chini; kwenye distribyuta hilo linamaanisha kucheza na springi na kikomo cha ndani, kazi ya subira.

Kuna ujanja wa kumimina spiriti ndani ya tangi. Kwenye kabureta huonekana kufanya kazi, kwa sababu alkoholi ina oksijeni ndani yake na hivyo mchanganyiko mzito huwa mwepesi bila kugusa jeti, kile kitundu kinachopima mafuta. Kwenye gari lenye sensa na kompyuta, kompyuta huona wepesi huo na kuongeza mafuta hadi lambda irudi ilipokuwa, ikabaki hasara ya mipira ya mfumo wa mafuta inayovimba. Kwenye kabureta nako, namba ikishuka kwa spiriti, jibu umeshalipata: punguza jeti kwa saizi moja au mbili, uache spiriti dukani.

Macho ya mkaguzi

Gesi zikiwa safi bado mtu anaweza kurudishwa, na hapa sheria za mahali hutofautiana mno. California mkaguzi hufungua boneti kwanza. Kifaa kisicho cha kiwandani kinachogusa mfumo wa moshi lazima kiwe na namba ya idhini ya bodi ya hewa ya jimbo, CARB, inayotaja gari husika. Aliyebadilisha injini nzima lazima aweke ya mwaka ule ule wa gari au mpya zaidi, aje na vifaa vyote vya kupunguza moshi vya injini hiyo, na apite kwa mkaguzi maalumu. Gari la mwaka 1975 kurudi nyuma halimo kwenye kipimo hicho. Uingereza inaangalia upande mwingine: gari lililoanza kutumika kabla ya Septemba 2002 likiwekewa injini tofauti, hupimwa kwa kiwango cha kile kilicho kikuukuu zaidi, gari au injini, na mwenye gari ndiye mwenye jukumu la kuthibitisha umri wa injini. Huko pia gari lililopita miaka 40 limesamehewa ukaguzi wa mwaka tangu 2018, isipokuwa limebadilishwa kwa kiasi kikubwa ndani ya miaka 30 iliyopita; aliyejenga gari lake upya anaweza kujikuta msamaha haumhusu.

Kwa magari ya Marekani ya 1996 na kuendelea, ambayo nayo sasa yamezeeka, kompyuta yenyewe huhojiwa. Kufuta misimbo asubuhi ya kipimo hakusaidii: kunafuta pia kumbukumbu za majaribio ambayo gari hujifanyia, na mkaguzi huona hayajakamilika. California ilikwenda mbali zaidi Julai 2021, ikaanza kuyafelisha magari ambayo programu ya kompyuta yake si ile ya mtengenezaji au yenye idhini. Hapo uhodari wa kurekebisha mchanganyiko hauna nafasi. Rudisha programu ya awali.

Siku yenyewe

Badilisha oili kabla ya kwenda. Oili iliyokaa muda mrefu kwenye injini yenye mchanganyiko mzito huwa imenyonya petroli, ambayo huvukizwa na kurudishwa kwenye manifoldi kupitia vali ya kupumulia kreki, ikaongeza uzito usioonekana kwenye kabureta. Tangi lisijazwe pomoni, kwa sababu mkebe wa mkaa unaonyonya mvuke wa petroli ukifurika humwaga mvuke huo kwenye injini wakati usiofaa. Kagua kwamba choki imefunguka kabisa. Endesha dakika 20 kwa mwendo wa barabara kuu na ufike ukiwa umewasha; kama kuna foleni, shikilia mizunguko 2,000 hivi kwa dakika mbili tatu kabla ya zamu yako ili sensa na masega virudi kwenye joto.

Ukifeli hata hivyo, usiguse kitu mpaka uisome karatasi kwa mpangilio huu: oksijeni na kaboni dioksidi kwanza, kuona kama bomba linavuja na kama namba nyingine zinaaminika, kisha mmisi, uzito wa mchanganyiko baadaye, masega mwisho kabisa. Andika saizi za jeti, digrii za taimingi na kipimo cha vakyumu ulivyoenda navyo, upande mmoja na namba za gesi, kwani fundi atakayepokea gari lenye kamshafti isiyo ya kiwandani hana kitabu chochote cha kumwambia vilipaswa kuwa ngapi.